Santuri ya baba iliyochezwa upande mmoja

ILIKUWA Jumamosi moja ya Desemba, kwenye harusi ya binamu yangu kule Uthiru. Pilau ilikuwa imeliwa, keki imekatwa, na wazee walikuwa wamekwisha kutoa nasaha ambazo hakuna aliyezisikia kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kikipiga miluzi.

Bwana na bibi harusi walikuwa wamecheza wimbo wao wa Kizungu, wakishikana viuno huku wapiga picha wakiwazunguka kama nyuki. Kisha dijei akatangaza kwamba sasa ni zamu ya wazazi. Akaweka kibao cha zamani cha Wakongo, chenye sauti nyororo na magita yanayotembea bila haraka.

Mama yangu, mjane wa miaka 60 na ushei, aliweka sahani chini. Akasimama, akajikaza leso kiunoni, akatazama watu waliokuwa wakiingia uwanjani. Nikafikiri anamtafuta mjomba ili wakatupe mguu mmoja.

Haikupita dakika. Dijei, kwa kuona wazee wanajikokota, akaurusha wimbo mbele hadi mahali magita yanapochemka. Vijana wakapiga mayowe ya furaha, vumbi likatimka. Mama akageuka, akatoka nje ya hema.

Nilimkuta kando ya tangi la maji, akijipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Ameukata kabla watu hawajashikana."

Nikamwuliza huo ulikuwa wimbo gani. Hakunijibu. Aliniambia tu kwamba uko nyumbani, ndani ya sanduku la baba yako.

Naam, msomaji, hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta habari za muziki wa polepole wa mapenzi, ule ambao wazazi wetu waliuchezea dansi katika jiji hili walipokuwa vijana. Nilidhani nitaandika kuhusu nyimbo. Nimejikuta nikiandika kuhusu watu wawili ambao niliishi nao chini ya paa moja miaka mingi bila kuwajua.

NUSU YA KUSHIKANA

Kwa faida ya wasomaji ambao bado wako shuleni, yafaa nieleze jambo. Rumba ya Kongo, ambayo mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa ulimwengu, kwa kawaida huwa na nusu mbili.

Katika nusu ya kwanza waimbaji husimulia kisa chao, sauti mbili tatu zikipandana, magita yakienda taratibu. Kisha waimbaji hunyamaza, na mpiga gita la solo hushika usukani. Sehemu hiyo Wakongo huiita sebene, na Watanzania wameizoea kwa jina la chemko. Hapo ndipo kiuno huachiliwa na jasho hutoka.

Vijana wa leo wanaijua zaidi nusu ya pili. Wazazi wetu waliisubiri nusu ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyompa mtu ruhusa ya kumshika mwenzake mbele ya kadamnasi. Fikiria, msomaji. Huyu ni kijana wa miaka ya 1970 au 1980 ambaye hawezi kumshika msichana mkono barabarani bila kuangaliwa kwa jicho la pembe. Lakini mbele ya bendi, kwa dakika nne au tano, hakuna wa kumwuliza.

Santuri za wakati ule pia ziliufuata mgawanyiko huo. Santuri ndogo, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, haikuweza kubeba wimbo mrefu upande mmoja. Kwa hivyo wenye kampuni waliukata katikati. Upande wa kwanza uliandikwa sehemu ya kwanza, na ukiugeuza unakutana na sehemu ya pili. Mara nyingi mashairi yaliishia upande wa kwanza, na magita yakatawala upande wa pili. Weka jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Nairobi haikukosa wa kuupiga muziki huo. Baba Gaston aliwasili hapa na bendi yake kutoka Zaire mwaka wa 1975. Samba Mapangala alifuata mwaka wa 1977 baada ya kupitia Uganda, na mwaka wa 1981 akaunda Orchestra Virunga. Super Mazembe nao walikuwa wamekwisha kutia nanga. Kutoka Tanga, nchini Tanzania, walikuja ndugu wa Simba Wanyika, na mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga na kuanzisha Les Wanyika, walioimba Sina Makosa, kibao ambacho hata mtoto wa chekechea wa leo anaweza kukiitikia.

Kumbi nazo zilikuwa tele. Kulikuwa na Starlight kule Milimani, karibu na hoteli ya Panafric. Kulikuwa na Garden Square katikati ya jiji, na Hallians katika Tom Mboya Street. Ukielekea magharibi kwa Ngong Road ulikuta Bombax, karibu na Dagoretti Corner. Waliopenda disko walikwenda New Florida ya Koinange Street, lile jengo la mviringo lililokaa juu ya kituo cha petroli kama chombo kilichotua kutoka mbinguni. Siku hizi halipo tena. Starlight pia imebaki hadithi.

Humo ndani mlikuwa na adabu zake. Mwanamume alikwenda hadi kwenye meza, akainama kidogo, akanyosha mkono. Kama msichana alikuwa ameandamana na mtu, aliyeombwa ruhusa kwanza ni yule mtu. Katika disko, taa zilipopunguzwa na muziki kulegea, viti vilijaa ghafla. Waliokimbilia viti ni wale wasio na wao. Wengi wamekiri kwangu kwamba dakika zile ndizo walizoziogopa kuliko mtihani.

MAWE YA REDIO JUANI

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1988 na kulelewa Kawangware, si mbali na kituo cha mwisho cha matatu za nambari 46. Baba alikuwa Mmaragoli, mama ni Mkamba, na lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili. Baba alikuwa mpishi katika nyumba za matajiri kule Lavington. Alitoka saa kumi na moja alfajiri kwa miguu, na kurudi usiku akinukia vitunguu na siagi.

Muziki wa nyumba yetu ulitoka mahali pawili. Pa kwanza ni redio ya KBC, ile iliyoitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka wa 1989. Umeme wa ploti ulipokatwa, redio ilitumia mawe, na mawe yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo. Jioni, ukipita kati ya ploti, ulisikia kipindi cha Sundowner cha idhaa ya Kiingereza kikitoka mlango hadi mlango, nyimbo laini tupu, huku akina mama wakikatakata sukuma wiki. Katika idhaa ya Kiswahili zilisomwa kadi za salamu, majina kumi, ishirini, na ujumbe wa mwisho, kabla santuri haijawekwa. Kulikuwa na watu waliotongozana kwa kadi hizo, taifa zima likisikiliza.

Pa pili palikuwa gramafoni ya baba. Tajiri wake mmoja, aliyekuwa akirudi kwao Uingereza, alimwachia pamoja na sufuria mbili nzito. Ilikaa juu ya meza ndogo pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa hata kwa macho.

Jumapili alasiri, baada ya chakula, baba alikuwa na neno moja. "Haya, nendeni mkacheze nje."

Pazia la mlangoni lilishushwa. Tukiwa nje tukicheza kati au kuendesha magurudumu ya waya, tulisikia wimbo ukianza. Ulipomalizika ulianza tena ule ule. Mara ya tatu, kisha kimya. Nilifikiri kwamba baba hana santuri nyingine. Kumbe alikuwa nazo zaidi ya 20.

GRAMAFONI YAENDA KARO

Mwaka wa 1996 kituo cha Capital FM kilianza kusikika Nairobi, na kwetu vijana dunia ikabadilika. Hatukutaka tena kusikia mambo ya wazee. Tulikuwa na Boyz II Men, tulikuwa na Whitney Houston, na mwaka uliofuata akaja Celine Dion na wimbo wake wa meli iliyozama. Nyimbo hizo tuliziita bluzi, ingawa hazikuhusiana na muziki wa Wamarekani weusi wenye jina hilo.

Nilimaliza darasa la nane mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata serikali ilifuta karo katika shule za msingi, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka, na shule ya upili ilikuwa na karo yake. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni. Kulitakiwa karo, godoro, sanduku la chuma na viatu.

Siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta meza ya pembeni ni tupu. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimekunjwa vizuri. Santuri nazo hazikuwapo. Hakuna aliyesema lolote, nami sikuuliza. Nilikuwa na sanduku jipya lililoandikwa jina langu kwa rangi nyeupe, na hilo tu ndilo nililoliona.

Huko shuleni ndiko nilikojifunza kucheza bluzi. Shule jirani zilikuja kwa dansi zetu za Jumamosi, na mwishoni dijei aliweka nyimbo mbili tatu za polepole. Mwalimu wa zamu alipita kati yetu na tochi na rula ndefu, akihakikisha kwamba kati ya mvulana na msichana Biblia inaweza kupita. Hata leo nikisikia End of the Road ya mwaka wa 1992, nanusa vumbi la bwalo la chakula na mafuta ya nywele ya mtu ambaye sitamtaja hapa.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa mjuaji. Redio ilikuwa ikicheza rumba ya zamani, na baba, aliyekuwa ameketi akivua viatu, alikuwa akitikisa kichwa polepole. Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, muziki huu ni wa watu waliolala." Nikabadilisha stesheni bila kungoja ruhusa.

Baba hakunikemea. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Kila mtu na wake."

Msomaji, kinywa ni jumba la maneno, lakini kuna maneno ambayo mtu angelipa chochote ili ayarudishe jumbani. Nilikuwa nikimcheka mtu aliyeuza muziki wake ili mimi nikajifunze kuucheza wangu.

UPANDE UNAONG'AA

Baba alifariki mwaka wa 2016. Katika sanduku lake tulikuta kitambulisho, barua za sifa kutoka kwa matajiri wake, zimefungwa kwa mpira, na santuri moja ndogo ndani ya bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha aliandika kwa kalamu ya wino: Jumapili, 24 Oktoba 1982.

Nilimwonyesha mama. Aliichukua, akaitazama pande zote mbili, akairudisha sandukuni. Kwa kuwa hatukuwa na kitu cha kuichezea, mambo yaliishia hapo. Yalilala hadi siku ya harusi ya Uthiru.

Baada ya harusi ile niliomba ruhusa ya kuichukua. Ukitaka kusikiliza santuri kuukuu Nairobi, wengi watakuelekeza Kenyatta Market, ambako katikati ya wachoma nyama na wasusi wa nywele Jimmy Rugami amejulikana kwa miaka mingi kwa kibanda chake cha santuri. Lakini mimi nilikumbuka mtu wa karibu zaidi, mzee wa Uthiru rafiki wa mjomba, aliyekuwa akichezesha santuri katika kumbi za jiji miaka ya 1980. Bado ana mashine yake, na huifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Mzee aliitoa santuri kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akatabasamu.

"Hebu njoo uone hapa," aliniambia.

Upande wa kwanza ulikuwa umefifia na kuwa wa kijivu, mifereji yake imelika, na karibu na ukingo kulikuwa na mikwaruzo ya sindano iliyowekwa na mkono wa mtu mwenye haraka. Upande wa pili ulikuwa mweusi na unang'aa kama siku ulipotoka dukani. Ulikuwa haujachezwa hata mara kumi, kwa makadirio ya mzee.

"Katika kazi yangu nimeona santuri zilizochakaa upande wa pili, ule wa magita, kwa sababu watu walitaka kuruka," alisema. "Hii mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine."

Akaiweka mashineni. Ilikwaruza kama mtu anayekaanga mafuta, lakini sauti zilipotokea niliinuka kitini. Ulikuwa ule wimbo wa harusini. Ulikuwa pia ule wa nyuma ya pazia la mlango wetu, Jumapili alasiri, mara tatu mfululizo.

JUMAPILI YA AGOSTI

Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba nimeusikia. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha, na bila kunitazama akaanza kunisimulia. Nilikuwa nimengoja miaka 36 bila kujua kwamba kuna hadithi.

Mwaka wa 1982 alikuwa na miaka 20, yaya katika nyumba moja ya Westlands. Baba alikuwa na miaka 26. Walikutana kituo cha basi mjini. Wote wawili walikuwa na mapumziko Jumapili alasiri tu, kuanzia saa nane, na mama alitakiwa awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo walikutana katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji uliokuwa na dansi ya mchana. Leo mahali hapo panauzwa simu. Walikunywa soda, wakatazama bendi, wakacheza wakiwa wameachana kwa hatua mbili. Hakuwa amemshika. Hata jina la barabara ya tajiri wake mama alikuwa hajamwambia, kwa sababu msichana wa heshima hakutoa habari hizo ovyo.

Walikuwa wameagana kukutana Jumapili ya tarehe 1 Agosti. Mama alikuwa amepiga rinda lake pasi tangu Jumamosi.

Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka siku hiyo. Alfajiri, askari wa jeshi la wanahewa waliiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kutoka Westlands mama alisikia milio ya risasi upande wa Harry Thuku Road, kilipo kituo cha redio. Tajiri alifunga lango kwa kufuli mbili. Mchana, sauti ile ile ya Mbotela ilitangaza kwamba waasi wameshindwa. Lakini maduka yalikuwa yameporwa na watu wengi walikuwa wamekufa.

Mama anasema kwamba hakulilia serikali. Alilia kwa sababu alijua tabia ya baba. Ili kuokoa nauli, alikuwa akitoka Lavington mapema kwa miguu, na alikuwa mtu wa kufika mahali saa mbili kabla ya wakati.

Kweli alikuwa ametoka. Alifika Valley Road, akasimamishwa na askari, akalazwa chini kifudifudi, akakaguliwa kipande chake, kisha akaamriwa arudi alikotoka mikono ikiwa juu. Alitembea hivyo hadi mikono ikafa ganzi. Sisi watoto wake hakutusimulia hata siku moja.

Mama hakuyajua hayo. Hakukuwa na simu ya watumishi, wala anwani. Siku chache baadaye tajiri wake aliipeleka familia Mombasa hadi mambo yatulie, na yaya alikwenda na watoto. Huko alikaa hadi Oktoba. Kila usiku alikuwa akisikiliza salamu redioni, akitumaini jina.

Jumapili yake ya kwanza ya mapumziko, tarehe 24 Oktoba, alikwenda kwenye ukumbi ule bila matumaini yoyote. Alitaka tu kupaona.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mlinzi wa mlango alimwambia mama kwamba kijana yule amekuwa akija kila Jumapili, haingii, husimama tu hadi saa kumi na mbili.

"Aliniambia neno moja," mama alinisimulia. "Nilidhani umekufa. Basi."

Wakaingia. Bendi ikaanza wimbo uliokuwa ukivuma siku hizo, na kwa mara ya kwanza baba alimshika. Nusu ya kwanza ikaisha. Magita yakashika kasi, watu wote wakaachana ili wakachemke. Wao hawakuachana. Walibaki hivyo hivyo, wakicheza polepole katikati ya vumbi na viwiko vya watu, kama waliopotea njia. Wimbo ulipomalizika baba alimwuliza kama angependa kwenda naye Maragoli akaonwe na wazazi.

Wiki iliyofuata alitafuta santuri katika maduka ya River Road hadi akaipata. Upande wa pili haukuwa na kazi kwao.

MANENO SI KITU

Katika Kawangware tunaishi na Wakongo wengi waliokimbia vita kwao. Jirani yangu mmoja ni kinyozi kutoka huko, naye anajua Kilingala kama maji ya kunywa. Nilimchezea wimbo ule kwenye simu, nikamwomba anifasirie. Nilitarajia mahaba mazito.

Kinyozi alisikiliza, akaangua kicheko. Kumbe ni malalamiko ya mtu aliyekopesha shemeji yake pesa na sasa shemeji anapita dirishani akimwona anakuja.

Nilirudi kwa mama mbio na habari hiyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeokota jiwe akidhani ni mkate.

"Hata ungekuwa wimbo wa mbuzi," alisema, "ni wetu."

Nimeona baadaye kwamba mama hayuko peke yake. Ule wimbo wa Whitney Houston wa mwaka wa 1992, ambao nimeusikia katika harusi zisizo na idadi kutoka Kangemi hadi Kikuyu, ulitungwa na Dolly Parton na kutolewa mara ya kwanza mwaka wa 1974. Aliutunga ili kumwaga Porter Wagoner, mwanamuziki mwenzake ambaye alikuwa akiacha kufanya kazi naye. Ni wimbo wa kuagana, na kuagana kikazi. Lakini nenda ukawaambie hivyo maharusi walioucheza.

Wanasaikolojia wamechunguza jambo hili. Wamegundua kwamba watu wazima, wakiulizwa kuhusu maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo za umri huo ndizo hung'ang'ania kuliko zote. Ndiyo maana mtu aweza kusahau alichokula jana, na bado akajua ni upande gani wa ukumbi alikosimama mwaka wa 1982.

Tofauti ninayoiona katika nyumba zetu leo ni hii. Zamani redio ilikuwa moja, gramafoni moja, na wimbo wa baba ulisikika na kila mtu, hata waliofukuzwa nje. Leo kila mmoja ana muziki wake masikioni. Binti yangu wa miaka 11 ana nyimbo zaidi ya elfu moja katika simu, na juzi nilipomwuliza wimbo ninaoupenda mimi, hakujua. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Mimi nami sikuujua wa baba yangu hadi alipokuwa amezikwa.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa wazazi wako wangali hai, waulize leo, kabla ya chai ya jioni. Waulize ulikuwa wimbo gani, ulipigwa wapi, na nani alimshika nani kwanza. Huenda wakacheka, huenda wakakufukuza. Kaa hapo hapo.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama kwa yule mzee wa Uthiru. Alivaa rinda la kanisani. Mzee alimvutia kiti karibu na mashine, akaweka sindano, akatoka nje akisingizia kwamba anaangalia kuku. Mama alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, macho ameyafumba, na bega lake la kushoto lilikuwa likisogea kidogo sana.

Upande wa kwanza ukaisha. Mzee akarudi, akanyosha mkono ili aigeuze santuri.

"Acha hapo, baba," mama alimwambia. "Rudia huo huo."

Najua kuna watakaopiga simu hapa ofisini kuuliza jina la wimbo. Nimekatazwa kulitaja. Mama anasema kwamba nikilitia gazetini, kila dijei wa harusi ataucheza, kisha aukate katikati.

Jumapili hii tunakwenda tena Uthiru. Amenituma ninunue biskuti za kumpelekea mzee.